Kukiri, Kuungama na Kusitiri: Hatua Kumi na Mbili kati ya Biblia na Mwambao wa Malindi

Katika vitabu vingi vya Kikristo vinavyozungumzia uraibu, msomaji hukutana na jedwali la safu mbili. Safu ya kwanza huwa na Hatua Kumi na Mbili za Alcoholics Anonymous. Ya pili huwa na aya za Biblia. Hatua ya kwanza huwekwa kando ya Warumi 7, ya nne kando ya Maombolezo 3:40, ya tano kando ya Yakobo 5:16, ya tisa kando ya Mathayo 5:23-24, na ya kumi na mbili kando ya Wagalatia 6:1. Jedwali hilo halina kosa, ila halithibitishi jambo lolote. Biblia ni maktaba nzima iliyoandikwa katika karne nyingi, na karibu kila orodha ya wajibu wa kimaadili inaweza kupatiwa aya zake humo. Mhakiki anayetaka kujua uhusiano wa kweli baina ya matini hizi mbili hana budi kuuliza maswali mengine: matini ya Hatua ilitoka katika sehemu gani ya Maandiko, iliacha nini nyuma, na inageuka kuwa nini inaposemwa kwa Kiswahili na watu ambao wengi wao si Wakristo.

Swali la mwisho lina uzito wa pekee katika mwambao wa Kenya. Heroini, ambayo wenyeji huiita unga, iliingia katika miji ya mwambao pamoja na ukuaji wa utalii katika miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 Malindi ilikuwa tayari na kituo cha kuwatibu waraibu, Omari Project. Katika mitaa kama Kisumu Ndogo, ambayo jina lake lenyewe linakumbusha kwamba mji huu umejengwa pia na wageni waliotoka mbali, Mgiriama, Mswahili na Mjaluo huishi ua kwa ua, msikiti na kanisa zikisikilizana. Matini ya Hatua inapofika katika mtaa wa namna hiyo haifiki mahali patupu. Inakuta lugha ambayo ina msamiati wake wa toba, na watu wenye adabu zao kuhusu lipi la kusemwa mbele ya wengine na lipi la kufichwa. Makala haya yanakusudia kuichunguza matini hiyo hapo, katika lugha hiyo.

Asili yake ya kihistoria inajulikana vizuri. Alcoholics Anonymous huhesabu kuzaliwa kwake kuanzia Juni 1935 katika mji wa Akron, Ohio, pale Bill Wilson na daktari Bob Smith walipoanza kusaidiana. Wote wawili walikuwa wamepitia Oxford Group, jumuiya ya kiroho iliyoongozwa na mchungaji wa Kilutheri wa Marekani, Frank Buchman, ambayo ilisisitiza kujichunguza, kuungama dhambi mbele ya mwenzi, kufidia waliodhulumiwa na kutafuta uongozi wa Mungu katika ukimya. Hatua zenyewe Wilson aliziandika mwishoni mwa 1938, na zikachapishwa katika kitabu cha 1939. Kabla ya kitabu hicho kuwapo, walevi wa Akron walisoma Biblia, na sehemu tatu ndizo walizozipenda kuliko nyingine: Hotuba ya Mlimani, sura ya kumi na tatu ya Wakorintho wa Kwanza, na Waraka wa Yakobo. Waraka huu uliwakaa sana hata baadhi yao wakapendekeza chama kiitwe kwa jina la Yakobo.

Uteuzi wa Yakobo unaeleza mengi kuliko jedwali lolote. Katika Agano Jipya, waraka huu ndio ulio karibu zaidi na mawaidha ya wenye hekima wa Kiyahudi. Jina la Yesu linatajwa humo mara mbili tu, katika 1:1 na 2:1. Hakuna msalaba, hakuna ufufuo, hakuna mjadala wa neema dhidi ya sheria. Kuna ulimi unaochoma kama moto, kuna tajiri anayemdhulumu kibarua mshahara wake, kuna imani ambayo bila matendo ni mzoga, na kuna agizo la watu kuungamiana dhambi ili wapate kupona. Matini iliyonyonya maziwa ya waraka huu ilikuwa tayari imejiandaa kwa safari ndefu. Mkristo anayelalamika kwamba Hatua zimemwondoa Kristo analalamikia jambo ambalo Yakobo alikuwa amekwisha kulifanya nusu. Na Mwislamu anayezisoma bila kujikwaa kila mstari anafaidi urithi huohuo.

Ubishi uliozuka wakati wa kuandikwa kwa kitabu cha 1939 uliongeza hatua nyingine katika safari hiyo. Miongoni mwa wanachama wa New York walikuwamo wasioamini, na kwa shinikizo lao Mungu wa Hatua alifafanuliwa kuwa ni Mungu kwa kadiri kila mtu anavyomwelewa. Katika Kiingereza ufafanuzi huo ni mapatano, na unasomeka kama mapatano: maneno machache yamebandikwa nyuma ya jina ili wote watie sahihi. Katika Kiswahili hali ni tofauti. Neno Mungu halikuja na wamishonari. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alilikuta likitumiwa na Waislamu wa mwambao, na Mulungu likitumiwa na Wamijikenda, nalo likaingia katika tafsiri za Biblia bila kuacha kuwa neno la msikitini. Mjaluo aliyejifunza Kiswahili kanisani na Mswahili aliyejifunza Kiswahili chuoni kwa mwalimu wa Kurani wanalitamka neno moja. Tena sarufi yenyewe hailazimishi jinsia: kitenzi kama tumwelewavyo hakimwiti Mungu mwanamume wala mwanamke. Yale ambayo New York iliyapata kwa ugomvi, Kiswahili kiliyatoa bure.

Sarufi inafanya kazi nyingine ambayo haijazingatiwa. Kwa Kiingereza, Hatua ni orodha ya sentensi za wakati uliopita, kila moja imesimama peke yake na nambari yake. Mfasiri wa Kiswahili anayesikiliza lugha yake hawezi kurudia li- mara kumi na mbili. Ataanza na tulikiri, kisha kiambishi -ka- kitamdai haki yake: tukaamini, tukaamua, tukajichunguza, tukaungama. Papo hapo orodha inakuwa hadithi. Hatua moja inazaliwa na nyingine, na nafsi ya wingi iliyokuwa ya kisheria inageuka kuwa nafsi ya kundi linalosimulia lililolipata. Hapo ndipo ulinganisho na Maandiko unapokuwa wa maana, kwa sababu unahusu umbo na si aya. Katika Kumbukumbu la Torati 26:5-9 mkulima anayeleta malimbuko anatakiwa kusimulia habari ya babu yake mhamaji, kisha ya watu walioteswa Misri, waliolia, waliosikiwa, waliotolewa. Anaanza na mtu mmoja na anaishia na sisi, ingawa yeye binafsi hakuwahi kukanyaga Misri. Mraibu mgeni anaposoma Hatua kwa sauti siku yake ya kwanza anafanya jambo hilohilo: anatamka wakati uliopita ambao bado haujampata.

Mkutano nao una ufunguzi wake. Msemaji hutaja jina lake la kwanza na uraibu wake, na kundi humjibu kwa kumsalimu kwa jina. Msikilizaji wa mwambao hatakosa kuukumbuka ufunguzi wa paukwa na pakawa, ambao pia ni mkataba baina ya msimulizi na hadhira: bila jibu hakuna hadithi. Tofauti ni kwamba katika ngano mkataba huwapa wote ruhusa ya kusema uongo mtamu. Katika mkutano hadhira humwachia msemaji nafasi ya kusema ukweli mchungu, na hilo, kama itakavyoonekana, si jepesi.

Ulinganifu ambao waandishi wa majedwali wanaupenda kuliko wote ni ule wa Hatua ya kwanza na Warumi 7, mahali Paulo anapoungama kwamba hulitenda lile analolichukia na kulikosa lile analolitaka. Kweli, hakuna maneno ya kale yanayoeleza arosto vizuri zaidi. Lakini nyuma ya maneno hayo kuna fundisho zima: nia ya mwanadamu imefungwa, wala haiwezi kujifungua. Hatua ya kwanza imelirithi fundisho hilo inaposema kwamba mraibu hana uwezo. Waislamu wenye asili ya Afrika walioanzisha Millati Islami huko Baltimore mwaka 1989 waliliona jambo hilo mara moja. Walipozirekebisha Hatua, waliondoa kukosa uwezo na mahali pake wakaweka kukiri kwamba mtu ameipuuza nafsi yake iliyo bora. Kiswahili kina neno barabara kwa wazo hilo: kughafilika. Aliyeghafilika si mfungwa. Amelala, na anaweza kuamshwa.

Ikumbukwe pia kwamba mwambao huu una matini yake ya kughafilika, na ni miongoni mwa kazi kuu za ushairi wa Kiswahili. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anakaa na moyo wake mwenyewe, anaukemea kwa kuishikilia dunia, kisha anauonyesha magofu ya Pate na kasri zilizobaki makazi ya wadudu na ndege. Hiyo ni hesabu ya nafsi isiyopungua ukali wa Hatua ya nne. Ila inafanywa baina ya mtu na moyo wake. Shahidi hayupo. Mshairi anaandika kwa ajili ya wasomaji, naam, lakini hatuambii alitenda nini, lini, na nani. Dhambi zake zimesitiriwa ndani ya dhambi za mji.

Hapo ndipo Hatua ya tano inapokwama. Inamtaka mtu akiri makosa yake kwa Mungu, kwa nafsi yake na kwa mwanadamu mwingine. Sehemu hii ya tatu ni Yakobo 5:16 mtupu, tena Yakobo kama alivyosomwa na Oxford Group: hakuna padri, hakuna kizimba cha maungamo, ni mtu na mwenzake. Afrika Mashariki iliujua usomaji huo kwa njia nyingine katika miaka ileile ya 1930. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kufika Nyanza mwishoni mwa muongo huo, ulijengwa juu ya ushuhuda wa hadharani. Ndugu walisimama, wakazitaja dhambi zao kwa majina, wakarudisha walivyoiba, wakaita hayo kutembea nuruni. Wazee wengi hawakupendezwa; kwao, kusema mambo ya chumbani mbele ya wakwe na watoto ulikuwa utovu wa adabu kuliko dhambi yenyewe. Hata hivyo utanzu ulishika mizizi, na mtu aliyelelewa katika makanisa ya magharibi ya Kenya akihamia Malindi huja nao. Kwake, kusimama na kusema ni jambo linalojulikana. Anajua hata mahali pa kushusha sauti.

Jirani yake Mwislamu amelelewa katika adabu nyingine. Masharti ya toba aliyofundishwa ni kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kumrudishia mja haki yake. Ukiyatazama vizuri, masharti haya yanazigusa Hatua kadhaa, ile ya sita hadi ya kumi, bila taabu. Yanairuka ile ya tano. Zaidi ya kuiruka, kuna mapokeo ya Mtume yanayomlaumu mtu ambaye Mwenyezi Mungu amemsitiri usiku, naye kukipambazuka akajivua sitara hiyo kwa kuwasimulia watu aliyoyatenda. Ndiyo maana Millati Islami, katika Hatua yao ya tano, wamebakisha Mungu na nafsi na kumwondoa yule mwanadamu mwingine. Msomaji wa haraka anaweza kudhani ni punguzo dogo. Kwa kweli kilichoondolewa ni kiungo kilichoifunga matini yote na Yakobo.

Methali za Kiswahili hazisuluhishi ugomvi huu, kwa sababu zimegawanyika. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua, husema upande mmoja. Upande wa pili lugha nzima ya heshima imefumwa kwa nguo: kusitiri, kufunika, kuvuliwa nguo, kuanikwa. Hata vitenzi viwili vinavyotumiwa kwa jambo hili havina harufu moja. Kuungama kuna kanisa ndani yake. Kukiri kuna mahakama. Mraibu anayeambiwa akiri husikia polisi, na hajakosea kusikia hivyo, kwani chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994 jambo analoombwa alikiri ni kosa la jinai. Isitoshe, hifadhi ambayo matini ya Hatua humpa msemaji, yaani kutotajwa jina lake la ukoo, iliundwa kwa ajili ya miji mikubwa ambamo mtu anaweza kupotea. Katika mtaa ambao kila mtu huulizwa ni mtoto wa nani kabla ya kuulizwa jina lake, jina la kwanza linatosha kumfikisha mama yake.

Lakini isihitimishwe haraka kwamba Hatua ya tano haina nafasi katika mwambao wa Waislamu. Zanzibar, ambako Waislamu ndio karibu wakazi wote, soba hausi zinazofuata Hatua Kumi na Mbili zimekuwapo tangu 2009, na vijana husimama humo na kusema. Pengine maelezo ni kwamba soba hausi inageuzwa kuwa nyumba kwa maana yake halisi: kinachosemwa ndani hakijatoka nje, na waliomo ni watu ambao hawana cha kufichana kwa kuwa waligawana kete moja. Kwa msamiati wa hapa, sitara haikuvunjwa. Imepanuliwa ikawafunika wengi kwa pamoja. Ikiwa ni hivyo, basi mwambao umeisoma Yakobo 5:16 vizuri kuliko Uamsho ulivyoisoma, maana Yakobo aliandika juu ya kuungamiana, kitenzi cha kutendana, na wala hakutaja jukwaa.

Hatua ya tatu, inayohusu kuyakabidhi mapenzi na maisha kwa Mungu, haitahitaji maneno mengi katika nchi ambayo neno Uislamu lenyewe lina maana ya kusalimu amri kwa Mola. Ila haiwezi kusomwa tena Malindi kama ilivyosomwa kabla ya Aprili 2023, pale makaburi ya msitu wa Shakahola yalipoanza kufukuliwa na hatimaye miili zaidi ya 400 ikatolewa, ya wafuasi wa kanisa lililokuwa na makao yake mjini humo ambao inadaiwa walifundishwa kufunga hadi kufa. Wahakiki wanaosifu lugha ya kujikabidhi wanapaswa kueleza anayekabidhiwa ni nani na nani anayepokea kwa niaba yake. Matini ya Hatua ina jibu, japo halimo katika Hatua zenyewe: limo katika Mapokeo Kumi na Mawili, yanayowanyima viongozi mamlaka ya kutawala na kuwabakishia utumishi tu. Pasipo Mapokeo hayo, Hatua ya tatu ni karatasi iliyotiwa sahihi na kuachwa wazi.

Suala la methadoni linaonyesha jinsi ulinganisho na Maandiko unavyoweza kusaidia mahali ambapo mafundisho ya chama yanasitasita. Huduma hiyo ilifika Malindi mwaka 2015. Narcotics Anonymous, iliyochipuka kutoka AA mwaka 1953, ni mpango wa kuacha kabisa, na anayekunywa methadoni hukaribishwa huku baadhi ya makundi yakisita kumhesabu kuwa ameacha. Sasa mnywaji huyo kwa kawaida huenda kliniki kila siku, hunywa mbele ya mhudumu kipimo cha siku hiyo, na haruhusiwi kuweka akiba. Katika Kutoka 16, mana iliokotwa kwa kipimo cha siku, na iliyolazwa ilioza. Kama kuna watu wanaoiishi kauli ya kuishi siku moja moja, inayorudiwa katika kila mkutano na ambayo imetoka moja kwa moja katika Mathayo 6:34, ni hao waliopanga foleni. Kuwaweka nje ya hadithi ni kuisoma hadithi vibaya.

Inabaki Hatua ya nane na ya tisa, za kuwaorodhesha waliodhulumiwa na kuwafidia. Majedwali humleta Zakayo wa Luka 19, aliyeahidi kulipa mara nne. Mfano huo unamfaa mtoza ushuru mwenye mali. Mraibu aliyeuza sufuria za mama yake na simu ya jirani hana cha kulipa hata mara moja, na katika mwambao jambo analolihitaji kwanza lina jina lake: radhi. Msamaha huweza kutolewa na yeyote. Radhi ya mzazi ni kitu kingine. Mtu akiikosa, husemwa kwamba hata kazi ya mikono yake haitafanikiwa. Ndiyo sababu mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15, unaoonekana kufaa kuliko yote, unamwacha msikilizaji wa hapa na njaa. Baba anakimbia, anakumbatia, anachinja. Mama hayumo. Hakuna anayesema alikuwa wapi siku mwanawe alipoondoka, wala kama alilala usiku ule. Visa vya waraibu wanaorudi nyumbani, kama vinavyosimuliwa katika mwambao huu, karibu vyote vinaanza na kwisha kwake.

Hata hivyo mfano huo una mtu ambaye majedwali humsahau. Kaka mkubwa yuko nje, amesikia ngoma, amekataa kuingia, na anahesabu: mali ilikuwa kiasi gani, na imeliwa na nani. Katika Kisumu Ndogo yeye ndiye jirani aliyeibiwa. Hatua ya tisa imemfikiria, kwa kuwa inaagiza fidia itolewe isipokuwa pale itakapowadhuru wahusika au watu wengine, na mtaa ambamo kelele moja ya mwizi inaweza kukusanya umati wenye mawe kabla ungamo halijafika mwisho unajua kwa nini kifungu hicho kimewekwa. Luka naye hakumsahau. Baba anatoka mara ya pili, anamsihi, na masimulizi yanakatika hapo, wawili hao wangali uani, ngoma inasikika ndani, na msomaji hajaambiwa kama kaka aliingia.